Mnaokusanya data na kuziacha bila maelezo, mnatuumiza jamani!

Wakuu heshima kwenu, leo nimekereka na nasema. Hii tabia ya mtu kumaliza utafiti, kala posho yake, ripoti kaandika, halafu data anamtupia mwenzake kwenye flashi bila hata ukurasa mmoja wa maelezo, itaisha lini?

Nimekabidhiwa foda ya utafiti wa kaya zinazokumbwa na mafuriko Bonde la Msimbazi, hapa Dar. Ndani kuna "data final", "data final mpya", "final ya bosi" na "USIFUTE". Ipi ndo yenyewe? Haya fungua, kolamu zinaitwa q7a, q7b, v12, na dodoso halimo. Jinsia 1 na 2, nani ni 1? Kwenye kipato kuna 99 na 999, hiyo ni hela au mtu aligoma kujibu? Ukizijumlisha hivyohivyo wastani unaharibika, na kuna mtu atakaa mezani apange fidia ya watu kwa wastani huohuo.

Kilichoniuma kuliko vyote ni muda. Kuna kolamu ya saa maji yalipoingia ndani, imejaa 2, 3, 8, 9. Mama wa Jangwani akikwambia maji yaliingia saa nane usiku wote tunamwelewa. Sasa mdadisi mmoja kaandika 8 kama alivyosikia, mwingine kageuza kaandika 2, na hakuna aliyeandika popote katumia saa ipi wala kama ni usiku au mchana. Hiyo hairudi tena wakuu, hata uwe na programu gani, na yule mama alikaa na wewe akakusimulia usiku aliopoteza kila kitu chake!

Tarehe nazo, 04/05 ni Aprili au Mei? Si uandike 2024-05-04 yaishe. Wilaya imeandikwa Kinondoni, mwaka hakuna, wakati Mabibo ilikuwa Kinondoni na sasa iko Ubungo. Nukta za GPS ndo kabisa, hakuna aliyesema zimesomwa kwa mfumo gani wa vipimo vya ramani, Arc 1960 ya ramani zetu za zamani au WGS 84 inayotumiwa na GPS, na kwa hapa Dar tofauti ya hizo mbili inafika karibu mita 300. Pale bondeni mita 300 inamtoa mtu kwenye maji inampeleka juu kwenye mteremko, anaonekana hajawahi hata kulowa.

Halafu mtu anakwambia metadata, yaani hayo maelezo kuhusu data, ni mambo ya wazungu wenye hela. Hela gani? Dublin Core, orodha ya kawaida ya vipengele vya kuelezea data, ipo tangu 1995, vipengele vyake vya msingi ni 15 tu, jina la data, aliyeitengeneza, tarehe, eneo, haki za matumizi na vingine vya namna hiyo. Ongeza faili moja la kueleza kila kolamu, kipimo chake na namba zake, unaliandika jioni ileile mmetoka fildi wakati bado unakumbuka. Na msijifiche kwenye usiri, majina ya watu unayatoa, maana ya kolamu unaiacha.

Masupavaiza, mwanafunzi asipoleta hilo faili msimsainie. Na kama kuna aliyefanya kazi bondeni kule na ana dodoso lenye q7a ya kipato na v12 ya muda wa maji kuingia, naomba anicheki PM leo hii.