Mteja kaniandikia "make it up by Friday", ana maana gani wakuu?

Kijana wa Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Nina biashara yangu hapa Kirumba. Kuna mteja wangu yuko Zambia, dada mmoja, tunaandikiana Kiingereza maana Kiswahili hajui. Tulikorofishana kidogo akanyamaza, leo kaibuka: "Make it up by Friday, please." Kamusi inaniletea maana chungu nzima. Mimi nimeelewa anataka tupatane. Niko sahihi? Ijumaa si mbali.

Ticha Nyegezi
Inategemea. Watu wakishagombana, "make up" ni kupatana, na Waingereza huchomeka hiyo "it" katikati na maana ikabaki ileile: "make it up with her". Ila "make up" ni kujazia kilichopungua pia. Ni kutandika chumba, ni mfamasia kuchanganya dawa, ni kujipodoa. "Made up of" ni kuundwa na. "Make up your mind" ni kukata shauri. Kabla ya hapo aliandika nini?

Mama Furu
Mtumie mekapu kaka. Poda, wanja, lipustiki. Kaomba mwenyewe 😂

Bandari Kusini
Kuna jamaa nilifanya naye usafi hoteli moja huku ziwani. Mgeni katundika kibao mlangoni, "Please make up room". Jamaa akajua chumba kipambwe, akamjazia maua ya plastiki na mataulo kayakunja bata. Kitanda hakukigusa. Na bakshishi alipewa! Wazungu siwaelewi mpaka leo.

Ticha Nyegezi
Mleta uzi, bado nasubiri ujumbe mzima.

Kijana wa Mwaloni
Hauna kitu kingine cha maana. Ulianza na "We are 38 kilos short", ila hayo ni mambo ya mzigo, yasiwachanganye. Dagaa hupungua uzito njiani, nani Mwaloni hajui? Halafu nimeshamnunulia kitenge, kimefungwa tayari, kesho kinapanda basi. Mwanamke akiona zawadi mambo ya kilo yanaisha.

Ticha Nyegezi
Basi "it" ndiyo hizo kilo 38. Anakwambia zijazie kabla Ijumaa haijaisha. Kitenge hajaomba.

Mzee wa Igoma
Vijana mnapenda dagaa wa kuanikwa mchangani kwa sababu ya bei. Mteja akipepeta, uzito wote unabaki chini. Chukua wa vichanja. Sisi zamani mzigo ukipungua unaongeza sado mbili juu, hakuna cha Kiingereza wala nini. Na mama watoto, kitenge umemnunulia lini?

Kijana wa Mwaloni
Mzee wangu shikamoo, ya nyumbani tuyaache. Dagaa walikuwa safi, nimewapokea mwenyewe mtumbwini, mbalamwezi inawaka, naona mpaka macho ya samaki.

Karabai
Simama hapohapo. Mbalamwezi? Dagaa tunawavuta kwa taa, zamani karabai na sasa za sola. Mwezi ukiwaka ziwa zima lina mwanga, nani atafuata taa yako? Siku hizo wengi tunashona nyavu. Hao dagaa ulivuliwa na majini? Hii chai.

Mama Furu
Na mimi nimeshaweka vitumbua.

Ticha Nyegezi
Kutunga hadithi nako ni "make up". Hiyo niliiruka.

Kijana wa Mwaloni
Mnanionea. Nimesema mwezi ulikuwepo, sijasema ulikuwa mpevu.

Karabai
Mwezi mchanga unazama mapema, na mitumbwi inarudi alfajiri. Uliona kwa mwanga gani?

Kijana wa Mwaloni
Kwani mwezi wa alfajiri haupo? Mwishoni mwa mwezi unachomoza usiku wa manane, angalia hata leo.

Bandari Kusini
Hapo kakujibu Karabai 😂

Mzee wa Igoma
Huo wa mwishoni ni ukucha tu, macho ya dagaa hauonyeshi. Mimi nimelala Ukerewe miaka, msinidanganye.

Karabai
Haya. Kama mteja yupo kweli, nina dagaa wa vichanja gharani, kilo 38 hazinishindi. Njoo na mizani yako.

Kijana wa Mwaloni
Kilo bei gani? Na kitenge unapokea?