Vibao vya 50 barabara kuu vinaokoa watu au tumeshavizoea tu? Tujadili

Wakuu habari za Jumapili. Juzi nimetoka Dodoma kuja Dar na kigari changu, dogo langu limekaa pembeni halina kazi nikamwambia hebu nihesabie vibao vya 50, vile vya mwisho kilomita 50 kwa saa. Hata Gairo hatujafika akaniambia bro vidole vya mikono na miguu vimeisha, niache nilale.

Hoja yangu ni hii, shida sio wingi tu, shida ni kwamba vingi vinadanganya. Unakuta 50 imesimikwa kwenye nyumba mbili na mwembe, unapunguza kistaarabu, unajikokota pori tupu na kile kibao chenye mistari cha kukuachia hukioni, sijui kiligongwa na lori sijui kiliishia kwa wauza chuma chakavu, hujui bado uko ndani au umetoka. Ukikanyaga mafuta tu, tochi ya trafiki ya kupima mwendo hii hapa. Mi nimepigwa hivyo mwezi wa tatu, 30,000, nikamuuliza afande kibao cha kumaliza 50 kiko wapi, akanijibu kwani wewe uliona nyumba zimeisha? Nikageuka nyuma nikaona kweli kuna kibanda kimoja cha mkaa, hata mwenyewe hayupo.

Sasa dereva ukimdanganya mara kumi, cha kumi na moja hakiamini, na hicho cha kumi na moja ndo cha shule. Hapo sijagusa mabango ya kuingilia mjini, lodge, kanisa, zahanati, chuo cha ufundi, mganga wa nyota, katikati yao ile pembetatu ya watoto wanavuka imefunikwa na tawi la mwarobaini. Nasema ving'olewe nusu, vinavyobaki viwe vinang'aa usiku. Nipingeni.

MAMA WA KANDO YA LAMI
Nakupinga. Sisi tunaoishi hapo kabla ya 50 na matuta tulikuwa tunazika. Wewe ukiwa kwenye gari unaona nyumba mbili na mwembe, kijiji chote kiko nyuma ya huo mwembe, shule iko huko na kisima kiko ng'ambo ya lami. Watoto wanavuka mara nne kwa siku. Ving'olewe halafu wewe ndo uje kuwavusha?

SUKA WA MIKOANI
Mimi niseme ukweli, kibao sikisomi, nasoma barabara. Basi lina VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo, nikizidisha linapiga kelele abiria wote wanasikia, na mwenzangu akiniwashia taa najua mbele kuna tochi, hiyo taa inaheshimiwa kuliko vibao vyote vya Tanzania. Ila kuna sehemu moja napunguza bila kulazimishwa, Mikumi pale barabara inapokatiza hifadhi ya wanyama. Pale mchana 70 usiku 50, na kuna bango linakuambia ukigonga mnyama utalipa dola ngapi, kila mnyama na bei yake. Halafu unainua macho unamuona twiga mwenyewe huyo hapo kasimama. Kibao kimesema na kitu kipo, sasa utabisha nini.

MBONGO UINGEREZA
Hili sio la kwetu tu. Huku serikali ilihesabu vibao ikakuta vimetoka kama milioni 2.4 mwaka 1993 mpaka milioni 4.5 mwaka 2013, ikaanza kuwabembeleza halmashauri wapunguze. Na Uholanzi kulikuwa na injinia anaitwa Hans Monderman, alikuwa anaamini dereva ukimpa maelekezo mengi anaacha kutumia akili. Mji wa Drachten pale njia panda kubwa wakaondoa taa na vibao karibu vyote, watu wakawa wanaangaliana machoni kabla ya kupita, na ajali zikapungua.

SUKA WA MIKOANI
Waangaliane machoni na bodaboda aliyebeba mishikaki, abiria wamebanana nyuma yake, anakuja upande sio wake? Mwacheni huyo Mholanzi na baiskeli zake.

MLETA MADA
Hahaha suka umemmaliza jamaa. Mama, la kisima umenipata, sikulijua na nimekaa nalo tangu asubuhi. Ila ndo nilipolalia mimi: kama nyuma ya mwembe kuna shule, kwanini kibao kinaniambia 50 tu kama kile cha porini? Niwekewe picha ya watoto, zebra ipakwe rangi, tuta lionekane kabla sijalirukia na rejeta. Mikumi wameweza kunitajia hadi bei ya swala, mwanafunzi anashindikana vipi? Basi la kung'oa nusu naliondoa, ving'olewe vya uongo na vile vya kumaliza 50 virudishwe, na wenye mabango ya lodge wayatoe mbele ya alama.

Mwezi ujao napita tena huko, mama nitapunguza hata kibao kikiwa kimeanguka. Ila kile kibanda cha mkaa bado nina kesi nacho.