"From scratch" maana yake nini hasa? Aliyepewa frem ya duka na mzee naye anaruhusiwa kusema hivyo?

Mkazi wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana kwenye grupu la ukoo tumebishana tangu asubuhi na sasa watu wameanza kufukua mambo ya zamani. Kuna shemeji yetu ana duka la vipuri vya magari Kariakoo, juzi kaweka picha ya duka akaandika kwa Kingereza kwamba hii biashara kaijenga from scratch. Binamu yangu ambaye huwa hapitwi na jambo akamrukia hapohapo, scratch ipi wakati frem ulitafutiwa na marehemu mzee na kodi ya mwaka mzima mzee ndo alilipa? Shemeji anajitetea kwamba alikabidhiwa frem tupu, haina hata shelfu, mzigo alianza kwa kukopa na wateja alitafuta mwenyewe, sasa kama hiyo sio scratch basi ni nini.

Mi nikabaki nawaza, hili neno tunalitumia kila siku. Mpishi anasema keki from scratch, fundi wa tovuti anasema nakutengenezea from scratch, bosi akikasirika anasema futeni yote muanze from scratch, na mwanangu shuleni anafundishwa kitu cha kompyuta kinaitwa Scratch chenye kipaka cha rangi ya machungwa. Ni jambo moja au kila mtu na lake? Kamusi inaniambia scratch ni kukwaruza, sasa kuanzia kwenye mkwaruzo ndo kitu gani. Mwenye ujuzi afafanue na aseme wazi shemeji yuko sahihi au la. Naomba kuwasilisha.

Chuma Chakavu:
Hiyo ni kuanza sifuri, mfukoni huna kitu na nyuma huna mtu. Frem Kariakoo na kodi ya mwaka imeshalipwa?? Huyo kaanzia kumi. Mwambie afute hiyo posti kabla binamu hajaleta risiti.

Mwalimu wa Michezo:
Chuma umejibu kwa haraka ila umeupiga ukweli bila kujua. Hili neno limetoka uwanjani jamani, halijatoka dukani. Scratch ni mstari uliokwaruzwa ardhini kwa fimbo au kwa kisigino, kwa hiyo kamusi yako haijakosea, ni mkwaruzo kweli, na hapo ndo wakimbiaji walipoanzia.

Sasa utamu unaanzia hapa. Waingereza wa karne ya 19 walizipenda mno mbio za handikapu, yaani waamuzi wanaangalia uwezo wa kila mmoja, aliye mzito anasogezwa mbele mita kadhaa, wa kati anasogezwa kidogo, na yule mkali wao hapewi kitu, anaachwa nyuma kabisa pale kwenye mkwaruzo. Huyo ndo anaanza from scratch. Walitaka watu wafike kwenye utepe wamebanana, maana hela za kamari zilikuwa nyingi na mbio ambazo mshindi anajulikana tangu asubuhi haziwekewi hela na mtu.

Mbio za namna hiyo zipo mpaka leo. Australia, jimbo la Victoria, kuna mji unaitwa Stawell, kila Pasaka wanakimbia mita 120 kwenye majani, wamezianza 1878. Sisi wa zamani tunamkumbuka Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagaska, majirani zetu hao hapo baharini, ambaye alifika fainali ya mita 100 Olimpiki ya Mexico 1968. Mwaka 1975 alikwenda Stawell akashinda akianzia scratch. Hebu jiweke wewe pale, umeinama, wenzako wote wako mbele unaona migongo tu, bastola inalia, na una mita 120 za kuwakamata mmoja mmoja na kuwapita wote kabla ya utepe.

Kwa hiyo zamani mwenye kuanza from scratch alikuwa ndo hodari kuliko wote, hakupewa kitu kwa sababu hakuhitaji kupewa. Siku hizi tunamsemea mtu aliyeanza hana kitu, limegeuka kabisa! Lakini kitu kimoja hakijabadilika, kwamba hujasogezwa mbele. Ukisogezwa hata mita tatu we sio wa scratch, hata kama umekimbia kwa jasho lako na jasho hilo hakuna anayelikataa. Shemeji kasogezwa. Kodi ya mwaka Kariakoo ni mita nyingi tu hizo.

Kedi wa Zamani:
Naongezea hapo kwa mwalimu. Kwenye gofu neno hilo bado lipo vilevile halijaguswa. Mchezaji wa scratch ni yule ambaye handikapu yake ni sifuri. Mtu mwenye handikapu ya 18 anapewa pigo moja la bure kila shimo, viwanja vingi vikubwa mashimo ni 18 na mapigo yanayotarajiwa ni 72 au karibu na hapo, kwa hiyo akimaliza na 90 wanamtoa 18 anahesabiwa 72. Wa scratch yeye hatolewi hata moja, alichopiga ndo hichohicho. Ndo maana kwenye gofu mfanyakazi wa benki mwenye kitambi anaweza kucheza na bingwa na wakashindana kihalali kabisa. Nimebeba mabegi ya wachezaji uwanja wa gofu wa Lugalo muda mrefu, nawapa ushauri wa bure, ukiambiwa jamaa yule ni scratch msalimie kwa heshima na usiweke naye hela.

Mama Keki Sinza:
Jamani nyie na viwanja vyenu, jikoni mambo ni tofauti. Keki from scratch maana yake hukununua ule unga wa boksi ambao kila kitu kishachanganywa kiwandani we unaongeza mayai, mafuta na maji tu unatia kwenye oveni. Unapima mwenyewe unga, sukari, siagi, baking powder, unapiga siagi na sukari mpaka rangi inafifia na inakuwa laini kama losheni, halafu yai moja moja, ukimwaga mayai yote kwa pupa mchanganyiko unakatika unaanza kuona vipunjepunje na maji pembeni. Mteja akiniuliza ni from scratch nasema ndio na bei inapanda, ila hajawahi kutokea mtu akaniuliza kama ngano nimelima au ng'ombe nimekamua!

Kwa chakula chetu wenyewe hili neno halina hata kazi, nani kashawahi kula ugali wa boksi? Lakini polepole linaanza kupata kazi, maana siku hizi tui la pakiti limejaa supamaketi. Kwa hiyo ukivunja nazi yako, ukakaa kwenye mbuzi ukakuna, ukakamua tui zito ukaliweka pembeni, ukarudia ukakamua lile jepesi la kuivishia wali na zito ukalitia mwishoni, huo ndo wali from scratch, tena kwa kukuna kabisa 😂😂

Na kwa sheria za jikoni mi namtetea shemeji. Kupewa jiko sio kupewa keki. Frem tupu haijawahi kuuza hata pulagi moja.

Msimbo Mtupu:
Mama Keki kagusa penyewe, ubishi wote uko kwenye UNAANZA KUHESABIA WAPI. Mi natengeneza tovuti na programu za simu, mteja akisema anataka from scratch anamaanisha sitaki ile templeti ambayo wenzangu mia wanayo, niandikie yangu. Sawa, lakini hata hiyo ya kwake naandika kwa lugha ambayo mtu mwingine kaitengeneza, natumia maktaba za bure, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, inakaa kwenye seva yenye mfumo endeshi wa Linux ambao sijaandika hata mstari mmoja. Ukitaka scratch ya kweli kweli labda uanze kuchimba shaba ya nyaya.

Ila kuna sehemu moja wamelichukua neno lilivyo. Wanaotumia Docker, zana ya kufungasha programu, wanajua, ukiandaa kifurushi cha programu mstari wa kwanza unasema unajenga juu ya nini, wengi wanajenga juu ya Linux fulani iliyoandaliwa tayari, sasa ukiandika FROM scratch maana yake chini hakuna kitu kabisa, programu yako peke yake. Wa lugha ya Go wanaipenda kwa sababu programu yao inaweza kuwa faili moja linalojitosheleza, halihitaji kuazima kitu. Na hawa wa akili bandia nao wanalo, modeli iliyofundishwa from scratch ni ile ambayo namba zake za ndani zilianza za kubahatisha tu haijui lolote, tofauti na kuchukua iliyokwisha fundishwa ukaipiga msasa kwa kazi yako. Hiyo ya kwanza inakula umeme na hela mpaka unashika kichwa, ndo maana wengi wanapiga msasa.

Ya mtoto iache pembeni, haihusiani na kuanza. Scratch ni lugha ya kufundishia watoto programu, wameitoa chuo cha MIT kule Marekani 2007, jina wamechukua kwa ma-DJ, ile kukwaruza santuri huku na huku mpaka inatoa mdundo mpya, kwa sababu na watoto wanachukua vipande vya wenzao wanachanganya wanapata kitu chao.

Halafu ya bosi nayo nyingine. Bosi akisema futeni muanze from scratch hamaanishi hamna kitu, kitu mnacho ila mnakitupa. Ya shemeji ni kuanza sifuri, ya bosi ni kuanza upya. Hapo ndo wengi wanapigana bure, kila mmoja kashika ya kwake.

Mkazi wa Tabata:
Aisee nashukuru sana. Nilimtumia shemeji yale maelezo ya mwalimu ya mita, kanijibu kwamba hizo mita alizilipa kwa kumuuguza mzee miezi yote ile wakati wengine tulikuwa tunatuma pole kwenye simu. Nikakosa la kusema na binamu naye kimya.

Swali jingine dogo, kazini tulikuja kukaguliwa ripoti ikasema stoo yetu is not up to scratch. Ni mstari huohuo au mwingine?

Mwalimu wa Michezo:
Mstari mwingine ila ukoo mmoja, huo ni wa masumbwi. Mwaka 1743 bondia Jack Broughton alikuwa na ukumbi wake London, akaandika kanuni kwa ajili ya mapambano ya pale. Katikati ya jukwaa unachorwa kwa chaki mraba wa yadi moja, mtu akiangushwa msaidizi wake ana nusu dakika ya kumrudisha kwenye ukingo wa mraba, akishindwa basi kapigwa. Enzi hizo ngumi kavu, glavu hakuna, na raundi haikuwa na dakika maalumu, inaisha mtu akienda chini, inaweza kuwa ndefu ikakuchosha hata wewe mtazamaji.

Sasa ujanja ukaingia, wasaidizi wanambeba mtu wao kama gunia wanamsimamisha pale hajui hata jina lake. Kanuni za London za 1838 zikakaza, unapumzika sekunde 30 halafu una sekunde 8 za kwenda kwenye scratch, yaani alama ya katikati, kwa miguu yako mwenyewe bila kushikwa na mtu. Ukifika we bado ni bondia, usipofika imekwisha. Hapo ndo ikatoka up to scratch, yaani kinafaa, kimefikia kiwango. Hiyo ya kuhesabiwa mpaka kumi na kuvaa glavu ni kanuni za Queensberry za 1867. Stoo yenu wamewaambia haijafika mstarini, tafuteni shelfu na daftari la kuingiza na kutoa mzigo haraka kabla hawajarudi.

Chuma Chakavu:
Kwa hiyo shemeji kasogezwa mita na stoo imeshindwa kusimama. Ukoo huu 😂

Bi Mkaguzi wa Barua:
Nimechelewa ila nina dukuduku. Nafanya kazi ya kupokea maombi ya ajira, jamani nawaomba, acheni kuandika from THE scratch. Naiona kila wiki, tena kwa watu wana shahada, "nilianzisha idara from the scratch". Ni from scratch, mtupu, hakuna the wala a. Na isikae peke yake, inataka kitenzi cha kazi kabla yake, kuanza, kujenga, kupika, kuandika, kujifunza. Kujifunza nako kunakubali, mtu anasema kajifunza Kichina from scratch, yaani alikuwa hajui hata salamu. Na ukiiandika kwenye barua ya kazi jiandae kuulizwa ulikuta nini pale, maana mi ndo swali langu la kwanza, nataka kujua ulikuta wafanyakazi wangapi, bajeti ipo au haipo, kuna faili hata moja. Wengi wanaanza kujikwaa hapohapo.

Pia msiichanganye na back to square one. Hiyo ni ya mtu aliyekuwa keshafika mahali akarudishwa alikotoka, tenda imefutwa, mnunuzi wa kiwanja kajitoa siku ya kusaini, basi mko square one. Kuna kijana juzi kaniandikia kwamba amehitimu mwaka huu na yuko tayari kuanza maisha back to square one, nikamwonea huruma, hata hajatoka nyumbani bado.