Popo wa mapangoni: tuwachome au tuwahesabu kwanza?

Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni Mwaloni Kirumba, Mwanza, pale wanapopanga magunia ya dagaa, jamaa kaja na hoja kwamba mapango yote ya popo kanda ya ziwa yapigwe moto au yazibwe, maana Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaotoka kwa popo na kuua watu, imeshapiga Kagera mara mbili, 2023 Bukoba Vijijini na 2025 Biharamulo. Wengi wakamuunga mkono. Mi napinga, nasema tuwahesabu kwanza tujue ni popo gani wamo.

Hiyo dawa jirani zetu washaijaribu. Mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg 2007, mwaka uliofuata wakatega nyavu za kuvulia samaki, hizihizi zetu, kwenye mlango wa mgodi, popo wakanasa wakafa kwa maelfu, matundu yakazibwa. Unajua kilichofuata? Popo wengine wakahamia, 2012 Marburg ikarudi Ibanda, karibu na mgodi huo, na wataalamu walipopima wakakuta popo wenye virusi ni kama 13 kwa kila 100, wakati kabla ya mauaji walikuwa 5 tu. Sasa hapo umepunguza nini?

MCHANGIAJI: Mkuu unaongea kirahisi kwa vile hujafiwa. Biharamulo wamezikwa watu 10, wewe unatetea popo?

MLETA MADA: Sijasema watu wakalale nao mapangoni, na pole kwa waliofiwa. Nasema hivi, anayebeba Marburg ni popo mla matunda anayelala mapangoni, yule wa macho makubwa, sasa ukichoma hovyo unaua na vile vidogo vinavyokula mbu na nondo, ambavyo hata majina hatuvijui. Kule Nyungwe, Rwanda, kuna popo hakuonekana miaka 40, watu wakadhani kaisha, 2019 akapatikana na sauti yake ikarekodiwa kwa mara ya kwanza. Je angekuwa kwetu, kwenye pango tulilokwisha lichoma?

MCHANGIAJI 2: Sawa, ila kuhesabu nani analipa? Zahanati yetu glavu zenyewe shida.

MLETA MADA: Hapo umenibana kweli. Ila kinasa sauti cha kuwatambua popo kwa milio yao unakitega nje jioni wakitoka, hakuna haja ya kuingia. Na pale Pango la Chatu, Uganda, alipoambukizwa mtalii wa Uholanzi 2008 akafa, hawakuua popo, walijenga kibanda watu watazame kwa mbali. Kwa wanaochota mbolea ya popo ndo sina jibu, mtu ana shamba na hana hela ya mbolea ya dukani kama DAP, utamwambiaje asiingie? Wa Geita na Kagera semeni nyie.