Kilomita 400: tovuti inasema dakika 48, tiketi inasema saa 1 na dakika 15. Nifuate ipi?

Kitindamimba:
Habari zenu wakuu. Wiki ijayo nasafiri na mama kwa ndege, kutoka uwanja mdogo mmoja hadi mwingine. Ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga na daktari amesisitiza asikae saa nzima bila kusimama. Tovuti ya kupima umbali inanipa kilomita 400, dakika 48. Tiketi ina saa 1 na dakika 15. Hizo dakika 27 zinatoka wapi? Napanga mpaka muda wa dawa zake, sitaki kubahatisha.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Fuata tiketi. Hizo 48 ni 400 kugawanya kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa, basi.

Mpanga Safari:
Pole kwa mama. Nimepanga safari za ndege ndogo miaka 11, na swali hili nimelijibu mara nyingi.

Tovuti inapima mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, kana kwamba ndege iko kwenye kasi kamili tangu mwanzo hadi mwisho. Tiketi inahesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Viwanja vidogo vingi havina njia ya pembeni, kwa hiyo ndege inatembea juu ya barabara ile ile ya kurukia mpaka mwisho wake, inageuka, ndipo inaruka. Ikipanda, inakwenda polepole. Ikifika, kama upepo unailazimu kutua kwa upande wa pili, inazunguka kwanza. Upepo wa mbisho wa kilomita 50 kwa saa peke yake unageuza 48 kuwa 53. Kinachobaki ni akiba ya ratiba.

Lakini kwa hali ya mama, uliza kwanza ni ndege gani. ATR 72 ndiyo inayokwenda karibu kilomita 500 kwa saa, na taa ya mikanda ikizimwa ataweza kusimama kwenye ujia. Cessna Caravan inakwenda kama 340, yaani dakika 70 angani, na ndani kimo chake ni mita 1.37 tu. Humo mtu mzima hawezi kunyooka. Ikiwa ni hiyo, rudi kwa daktari kabla ya safari.

Jambo jingine: mlango wa abiria wa ATR 72 uko nyuma. Watu hukimbilia viti vya mbele, lakini yeye mwombee cha nyuma, upande wa ujia. Na waarifu mapema kuhusu ngazi, kwani viwanja vidogo vingi havina daraja la kuingilia.

Kipanga:
Hakikisha pia haitui mahali katikati. Namba ya safari inaweza kuwa moja na bado ndege ikashuka njiani kuchukua abiria.

Kitindamimba:
Nimepiga simu. Ni ATR 72, haitui katikati. Nimepata safu ya mwisho, ujiani, na wameandika kwamba anahitaji msaada kwenye ngazi. Dawa nitampa tukiwa bado chini, nusu saa kabla ya kupanda. Mpanga Safari, habari ya mlango sikuijua kabisa, na tayari nilikuwa nimemchagulia safu ya 2. Asante sana.