Ushauri: kutembea kwa miguu kutoka Diani hadi Tiwi, twende siku gani?

Binti_wa_Bara
Hamjambo jamani. Tuko marafiki sita kutoka Nairobi, tunashuka Pwani mwezi ujao. Tunataka kuanzia Diani, Msikiti wa Kongo, tuvuke Mto Mwachema pale unapoingia baharini, kisha tufuate ufuo wa Tiwi chini ya majabali hadi kile kidimbwi chenye umbo la Afrika. Wawili wetu hatujui kuogelea. Mwaka jana, ufuo mwingine, tulikaa juu ya mwamba tukila maembe. Nilipogeuka, mchanga tuliopitia haukuwepo. Tulirudi maji yakiwa kifuani, nimemshika rafiki yangu mkono mpaka kucha zangu zikamwacha alama. Sitaki yajirudie. Tumefikiria Jumamosi yoyote. Mnashaurije?

Mzaliwa_Ukunda
Dada, hiyo "Jumamosi yoyote" ndiyo hatari yenyewe. Tazama mwezi kwanza. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua: maji yanapwa mbali, na kwetu huku kupwa kwake huangukia karibu saa nne asubuhi. Hapo ndipo mto unavukika. Mkija siku za maji mafu, nusu mwezi, saa nne hiyo hiyo bahari imejaa. Tena kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa uliyoambiwa na aliyekwenda wiki jana haikufai.

Fikeni mtoni saa tatu hivi, maji yakiwa bado yanatoka. Na msipange kurudi kwa njia ileile jioni! Maji ya bamvua yanavyopwa sana ndivyo yanavyojaa sana. Saa kumi yanapiga majabali. Pandeni juu mkiwa Tiwi, mtoke barabarani, matatu za Likoni na Ukunda zinapita.

Bi_Mchuuzi
Viatu msivue, wanangu, hata ndani ya maji. Mwamba ule unakata, na mashimoni kuna wale wanyama weusi wenye miiba. Ukimkanyaga mmoja, safari imeishia hapo. Kwenye kidimbwi, asiyejua kuogelea akae ukingoni. Wimbi la kwanza likiruka ukingo na kumwaga povu ndani, tokeni, msingoje la pili. Pale msikitini watu wanaswali mpaka leo, basi jisitirini, na ulizeni kabla ya kupiga picha.

Kusi_na_Kaskazi
Naongeza jambo moja. Mawimbi yameyala majabali kwa chini, juu yametokeza kama paa. Kivuli kile kinavutia sana mchana, lakini mawe huanguka. Kuleni mbali nayo. Na kama ni miezi ya upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, bahari huwa kali. Mimi singewapeleka wasioogelea bila kijana wa pale.

Binti_wa_Bara
Ahsanteni mno. Nimetazama kalenda: Jumamosi tuliyoielekea ni ya nusu mwezi. Nimetetemeka kidogo. Tumesogeza wiki moja, mwezi utakuwa mpevu. Huyo kijana wa kutuvusha tutampata wapi?

Mzaliwa_Ukunda
Njooni saa mbili unusu, hapo hapo Kongo, chini ya mibuyu. Waulizeni wavuvi. Atakayewaambia "leo hapana", msikilizeni huyo.