Salamu za Desemba: "Heri ya Krismasi" au "Heri ya sikukuu"?

Dada_Katibu
Wakuu, naombeni ushauri. Kazini mimi ndiye huandika salamu za mwisho wa mwaka, ujumbe mmoja kwa watu 34. Mwaka juzi niliandika "Heri ya Krismasi kwenu nyote". Mwenzetu mmoja ni Shahidi wa Yehova, na wao hawaiadhimishi kabisa. Akanijibu kwa upole: "Asante, ila hiyo si yangu." Neno lile likanikaa moyoni. Mwaka jana nikaandika "Heri ya sikukuu". Safari hii akaumia mama mmoja Mkristo, tumekaa meza jirani miaka sita. "Hata jina la sikukuu yangu limekuwa la kufichwa?" Nilikosa la kusema. Sitaki kumfuta mtu, wala kumvisha mtu sikukuu isiyo yake. Nifanyeje?

BintiHilali
Dada, mimi Mwislamu. Ukiniambia Heri ya Krismasi siudhiki hata kidogo, najua umenigawia furaha yako. Kinachoniuma ni Idi kupita kimya. Kwa kalenda ya kawaida Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, na itakaribiana nayo hivyo tena mwaka 2033. Sasa anayetukumbuka Desemba peke yake, sisi atatukuta lini?

Mfungo40
Hata sisi Wakristo hatuna tarehe moja. Kanisa letu la Kiorthodoksi linafuata kalenda ya Juliasi, iliyo nyuma kwa siku 13, hivyo Krismasi yetu ni Januari 7. Mnaponipongeza Desemba 25 mimi bado nimefunga. Napokea kwa shukrani, lakini mtu mmoja aliwahi kunitakia heri Januari 7 yenyewe, na sijamsahau.

SinaDini
Mimi "Mwaka mpya mwema" inanitosha. Ila tusimlaumu dada kwamba kaleta mambo mapya: kadi za Ikulu ya Marekani enzi za Eisenhower, miaka ya 1950, zilitakia watu heri ya msimu bila kuitaja Krismasi. Ofisi haina dini, watu wanazo. Barua inayotoka kwa jina la ofisi iwe ya wote. Salamu ya mdomo wako ni kati yako na unayemsalimu, hapo taja jina la sikukuu yake bila woga.

Dada_Katibu
Asanteni sana, hilo la mwisho limenifungua. Ujumbe wa wote utabaki "Heri ya sikukuu na mwaka mpya". Mama wa meza jirani nitamwambia Heri ya Krismasi mwenyewe, ana kwa ana, na nitamwomba radhi kwa kunyamaza mwaka jana. BintiHilali, tarehe za Idi nimeziingiza kwenye kalenda yangu ya kazi leo hii. Yule Shahidi sitamkisia tena, kesho nitamuuliza yeye angependa atakiwe nini.